Unataka chuo cha Marekani kupitia michezo? Anza na cheti cha kuzaliwa

Ukipanda basi la Kampala pale Busia, au ukivukia Malaba ukapitia Tororo, kabla hujafika Mukono utapita Lugazi. Ni mji wa mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari, na wengi wetu tunaukumbuka kwa foleni ya malori tu. Lakini Agosti 2012 watoto wa mji huo walikuwa Williamsport, Pennsylvania, kwenye fainali za dunia za Little League, mashindano makubwa kabisa ya besiboli ya watoto. Walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza pale, na hawakurudi mikono mitupu: waliwapiga wenzao wa Gresham, Oregon, 3-2.

Sasa rudi nyuma mwaka mmoja. Mnamo 2011 timu nyingine ya Uganda, ya Kampala, ilikuwa imefuzu fainali hizo hizo baada ya kushinda mchujo uliochezwa Poland. Haikusafiri. Ilinyimwa viza ya Marekani kwa sababu umri na tarehe za kuzaliwa kwenye stakabadhi za wachezaji hazikuoana. Watoto wa Langley, Canada, waliokuwa wakutane nao, ndio waliopanda ndege Januari 2012 wakaja Uganda, mechi ikachezwa huku. Hadithi tamu, lakini fainali zilikuwa zimeshapita.

Nakuletea habari hii ya ng'ambo kwa sababu kila matokeo ya KCSE yakitoka, simu za vijana wa Kocholia, Malaba na Busia mjini hujaa zile video: soma bure Marekani kupitia talanta yako, na chini kuna namba ya WhatsApp. Wapo wanaolipa. Sikia, mlango wenyewe si uongo, upo. Ila haufunguki vile unavyoambiwa, hasa kwa vile vyuo vinavyochuja wanafunzi kwa masomo: Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Williams na wenzao. Huko kasi yako haikununulii kiti. Kasi yako inamfanya kocha aombe faili lako lisomwe. Na kama ndani ya faili hamna kitu, au kuna tarehe mbili tofauti za kuzaliwa, basi safari imeishia hapo.

Tuanze kwa kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Michezo ya vyuo vingi vya Marekani inasimamiwa na shirika linaloitwa NCAA, ambalo limegawa vyuo katika madaraja matatu. Daraja la Kwanza ndilo lile unaloliona kwenye TV. Huko chuo kinaweza kukulipia masomo kwa sababu ya mchezo wako. Edward Cheserek alitoka huku akapitia shule ya upili New Jersey, akaenda Oregon na kushinda mataji 17 ya NCAA kati ya 2013 na 2017. Madina Okot alikuwa Chuo Kikuu cha Zetech kabla ya kwenda kucheza basketi Mississippi State, na mwaka 2025 akahamia South Carolina. Hao ni watu wa kiwango cha juu kabisa, na vyuo viliwataka kwanza kwa sababu ya mchezo.

Upande wa pili ni tofauti. Vyuo vinane vya Ivy League viko Daraja la Kwanza, lakini vilikubaliana tangu miaka ya 1950 kutotoa ufadhili wa michezo. Hata senti. Vyuo vya Daraja la Tatu, kama Amherst, Williams na MIT, pia havitoi. Sasa utauliza: kwani mtoto wa Malaba analipa vipi chuo kinachodai zaidi ya dola 80,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya Sh10 milioni? Analipiwa kwa sababu familia yake haina, si kwa sababu anakimbia. Chuo kinaangalia kipato cha wazazi na kujazia pengo. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin hata haviangalii uwezo wako wa kulipa wakati wa kuamua kama unaingia, na hilo linahusu wanafunzi wa kigeni pia. Vyuo vingine vingi vizuri huangalia. Ukiwa mgeni unayehitaji msaada mkubwa, ombi lako linakuwa zito kupita, na hapo ndipo neno la kocha linaweza kukusaidia.

Linasaidiaje? Kwenye vyuo hivi kocha hana ruhusa ya kuingiza mtu. Anayo orodha fupi ya wanamichezo anaowataka, na anaipeleka kwa ofisi ya udahili, wale wanaoamua nani aingie. Kabla ya hapo atakuomba matokeo yako ya shule na alama za SAT, kisha maafisa wayapitie mapema na kumwambia kama wewe ni mtu wa kuendelea naye au asipoteze muda. Ivy League ina hata kipimo cha masomo kwa wanamichezo, ili wasiachwe mbali na wanafunzi wengine. MIT ni wagumu zaidi: kocha anaweza kukusemea vizuri, lakini hana nafasi zake za kugawa. Kwa hiyo mfikirie kocha kama mtu anayetoa faili lako chini ya rundo na kuliweka juu. Kulisoma, atalisoma mwingine. Na rundo lenyewe si dogo, kwani Harvard, Yale, Princeton na MIT huchukua chini ya watu 5 kwa kila 100 wanaoomba.

Hapa Kenya jambo hili limeshajaribiwa, na matokeo yake yanafundisha kuliko video zote za TikTok. Mwaka 2004 John Manners, mwandishi wa Marekani aliyewahi kufundisha Kenya, pamoja na Dkt Mike Boit, yule aliyeshinda nishani ya shaba ya mita 800 Munich 1972, walianzisha mradi wa KenSAP huko Bonde la Ufa. Wazo lilikuwa hili hili tunalozungumzia. Chukua vijana waliopata A kwenye KCSE, wahoji, kisha wapeleke uwanjani wakimbie mita 1500. Anayekimbia vizuri, kocha wa chuo kigumu anaweza kumsemea.

Cha kuchekesha ni kwamba wengi wa vijana hao hawakuwa wanariadha kabisa. Walikuwa wamekaa darasani miaka minne wakisaka A, na siku ya mbio ndiyo mara yao ya kwanza kukimbia wakipimwa muda. Wachache waligeuka kuwa moto. Peter Kosgei alienda Hamilton, chuo kidogo kigumu jimbo la New York, na akashinda mataji kadhaa ya kitaifa ya Daraja la Tatu. Lakini angalia picha nzima: wengi waliopitia KenSAP na kuingia vyuo kama Harvard na Yale waliingizwa na alama zao, insha zao na mtu wa kuwaelekeza jinsi ya kujaza fomu. Mbio zilikuwa bonasi kwa wachache. Baadaye mradi wenyewe ulibaki na kifupi kile kile lakini maana yake ikahama kutoka kwa mwanafunzi-mwanariadha hadi kwa nafasi ya kusoma. Kwangu mimi hilo ndilo jibu. Watu waliokuwa na mabingwa wa Iten mlangoni mwao waligundua kwamba kilichokosekana hakikuwa mbio.

Na wewe huna Iten. Malaba haiko kwenye milima ile, na hakuna kocha wa Marekani anayepita Amagoro akitafuta vipaji. Kwa hiyo uliza swali ambalo mabroka hawaulizi: mchezo wako unachezwa kule? Netiboli na mpira wa mikono, tunavyovicheza sana kwenye michezo ya shule, havimo NCAA. Raga ya wavulana haimo pia, huchezwa kama klabu tu. Lakini raga ya wasichana ni habari nyingine: NCAA imeiweka kwenye orodha ya michezo inayokua, na Harvard, Dartmouth, Brown na Princeton zina timu rasmi. Msichana wa Magharibi mwa Kenya anayekaba vizuri na ana A ya Hisabati, mimi ningemwambia aandike barua leo. Hoki ya nyasi huko ni ya wasichana. Voliboli ni kubwa upande wa wasichana, ndogo upande wa wavulana. Soka ipo kwa wote, lakini ushindani wake ni wa dunia nzima.

Na besiboli? Wenzetu wa Uganda wameifikisha mbali. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers walisaini Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Hiyo ni barabara ya kulipwa, na ukishasaini mkataba wa kulipwa unaweza kujifungia mlango wa besiboli ya chuo. Ukiwa na miaka 16 na hujawahi kushika ile glavu, usianze leo kwa sababu ya chuo. Mtoto wa Marekani unayeshindana naye alianza akiwa na miaka sita, na makocha wa besiboli ya Daraja la Kwanza wanaruhusiwa kuanza kuzungumza naye Agosti 1 kabla ya mwaka wake wa tatu wa shule ya upili. Wakati wewe unangoja matokeo ya KCSE, orodha ya kocha huwa imejaa.

Mambo mawili yamebadilika tangu 2025 na unapaswa kuyajua. La kwanza ni pesa. Juni 2025 mahakama ya California iliidhinisha makubaliano yanayoruhusu vyuo vikubwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, na kwa kubadilishana na hilo vyuo vinavyoshiriki vimewekewa idadi ya wachezaji. Besiboli ni 34. Mbio za nyika ni 17. Ivy League ilikataa kushiriki, kwa hiyo idadi hizo haziigusi. Ila usifurahi haraka. Mwanariadha mzuri aliyekosa nafasi chuo kikubwa hakai nyumbani, anatafuta kwingine, na kama ana alama nzuri atabisha mlango ule ule unaobisha wewe. Naona nafasi zitabana zaidi kwa yule ambaye ni mzuri kiasi tu kimichezo.

La pili ni viza. Mwishoni mwa Mei 2025 Marekani ilisimamisha kupanga mahojiano mapya ya viza za wanafunzi, na yaliporudi Juni yakaja na sharti kwamba anayeomba aweke akaunti zake za mitandao ya kijamii wazi kwa kila mtu. Ndiyo, pamoja na ile ya Kidato cha Pili uliyoisahau. Gharama nazo: ada ya viza ni dola 185, na ile ya kusajiliwa kwenye mfumo wa wanafunzi wa kigeni ni dola 350. Jumla yake ni kama Sh69,000, kabla ya tiketi ya ndege.

Sasa turudi kwenye cheti, maana hapa mpakani ndipo tunapochapwa. Wewe unajua maisha yetu. Mama alijifungulia Tororo kwa sababu dada yake alikuwa karibu na hospitali. Ukasoma Malaba. Shangazi yuko ng'ambo, na pengine jina lako liko kwenye daftari za serikali mbili. Jina la Kiteso kwenye cheti cha kuzaliwa linaanza na O, kwenye matokeo ya mtihani linaanza na E. Mwalimu wa msingi alipunguza mwaka mmoja ili ucheze na wa umri mdogo. Hapa nyumbani mambo haya hupita. Tunavuka kwa kitambulisho, wengine kwa njia za panya, na hakuna anayeuliza sana. Afisa wa viza anauliza. NCAA nayo inauliza, kwa sababu ulimaliza shule mwaka gani na ulishindana wapi baada ya hapo ndiyo inaamua utacheza miaka mingapi. Ukikaa mtaani miaka mitatu baada ya Kidato cha Nne ukishiriki mashindano rasmi, unaweza kupoteza misimu kabla hujagusa kiwanja cha chuo.

Ndiyo maana nasema besiboli ya 2011 ni hadithi yetu. Wale watoto walikuwa wameshashinda uwanjani. Kilichowabakiza nyumbani ni karatasi zilizojazwa na watu wazima miaka mingi kabla.

Kurekebisha jina kunawezekana, ila kunataka muda. Cheti cha kuzaliwa kwanza, kisha jina kwenye mtihani lifanane nacho kabla hujasajiliwa kwa KCSE, kisha kitambulisho, kisha pasipoti kupitia eCitizen na safari ya kwenda kuchukuliwa alama za vidole, Kisumu au Eldoret. Ukingoja barua ya kukubaliwa chuoni ndipo uanze, umechelewa. Na usidanganye umri, hata kama kocha wa kijiji anakuambia kila mtu anafanya hivyo.

Kuhusu mabroka nitasema machache. Mwaka 2023 wazazi wa Uasin Gishu waliandamana Eldoret wakidai pesa walizotoa kwa mpango wa masomo Finland, uliopitia mikononi mwa kaunti yenyewe. Ikiwa mpango wenye nembo ya serikali unaweza kukwama hivyo, sembuse namba ya WhatsApp isiyo na ofisi. Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui: NCAA hairuhusu mtu alipwe kulingana na ufadhili aliokutafutia. Anayekuambia "utanipa asilimia yangu ukishaingia" hajakupunguzia mzigo. Anaweza kukuharibia ruhusa ya kucheza. Ushauri wa bure upo: EducationUSA, ofisi ya ubalozi wa Marekani Nairobi, hutoa maelekezo kwa yeyote, na mpango wa viongozi wa Equity huwasaidia waliofanya vizuri zaidi kwenye KCSE kuomba vyuo vya nje. Kuomba chuo chenyewe unaweza kusamehewa ada ukieleza hali ya nyumbani. SAT ndiyo inayouma, kwani itakutoa zaidi ya Sh13,000, na vyuo kadhaa vimerudisha sharti la mtihani wa aina hiyo: MIT ililirudisha 2022, Dartmouth, Yale, Brown na Harvard zikafuata 2024.

Kama uko Gredi ya 10 au una mdogo wako huko, kuna mtego mmoja. Mfumo mpya una mkondo wa Sanaa na Michezo, na jina lake linavutia kwa mwanamichezo. Lakini Daraja la Kwanza la NCAA linadai kozi 16 za msingi kwenye Kiingereza, Hisabati, sayansi na masomo ya jamii, na vyuo vigumu vinataka zaidi ya hapo. Mkondo wa michezo wenye Hisabati ile nyepesi unaweza kukupa muda wa mazoezi na kukunyima MIT. Ningekaa na mwalimu nihesabu masomo kwanza.

Halafu mwandikie kocha mwenyewe. Si mama, si mwalimu wa michezo, si broka. Anwani yake iko kwenye tovuti ya timu. Mistari sita inatosha: jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, shule na mwaka utakaomaliza, alama zako, muda wako au nafasi unayocheza, na kiungo cha video ya dakika tatu. Kwa mkimbiaji taja umbali, tarehe na uwanja, na useme kama muda ulipimwa kwa mkono. Usiandike kwamba familia yako ni maskini, atayaona kwenye fomu. Waandikie makocha ishirini, si mmoja. Asipojibu, mwandikie tena baada ya mtihani ukiwa na alama mpya. Akijibu na kuomba matokeo, usimtumie picha iliyopigwa usiku juu ya kitanda na kona moja imekatika. Nenda saiba, iskaniwe vizuri pande zote mbili, jina lisomeke hadi herufi ya mwisho.